Jogoo Aliyewika Kumekuchwa

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ni adabu tu. Mtu mzima hatajwi jina mbele ya wageni, na nchi yetu ni mtu mzima. Inatosha kusema kwamba ni nchi nzuri, ina milima, ina mito, na ina Wizara ya Teknolojia Zinazochipuka na Zilizokwisha Kuchipuka. Ramani yake hupatikana kwa kibali.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulijua ni salamu yetu. Kwingine watu huulizana habari za asubuhi. Kwetu mtu husema, "Kumekucha!" nawe hujibu, "Na jua halizami!" Salamu hii aliitunga Kiongozi mwenyewe siku alipoingia madarakani, na kwa kuwa hajatoka, jua nalo limetii. Tunaitoa darasani, dukani na mazishini. Metroni wetu huitoa anapokuja kuzima taa za bweni, nasi hujibu kwa sauti moja, gizani, kwamba jua halizami.

Jambo la pili ni kwamba kwetu mkubwa hakosei. Akikosea, hurekebishwa kile alichokikosea. Mheshimiwa mmoja aliwahi kusema hadharani kwamba popo ni ndege, na tangu hapo popo huhesabiwa pamoja na kanga na njiwa, ingawa wenyewe wanaonekana kutojali.

Ndivyo ilivyopatikana Kiinimacho.

Wizara ilikuwa imetangaza kwamba taifa litaunda kompyuta yake lenyewe, yenye programu yake yenyewe, iliyoandikwa na wananchi wenyewe tangu herufi ya kwanza. Ikateuliwa kamati ya jina, ikapelekwa hoteli yenye bwawa la kuogelea ili ifikiri. Ikafikiri hivi: wataalamu huuita moyo wa programu kiini. Kompyuta yetu nayo itatolewa pamoja na miwani ya kisasa, na miwani ni mambo ya macho. Kiini, macho. Kiinimacho! Wanakamati wakapeana mikono wakaenda kula.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, maskini, aliinua kidole. Akaeleza kwa heshima zote kwamba kiinimacho ni mazingaombwe, ni ile kazi ya mtu anayekutoa yai sikioni huku mwenzake anakutoa pochi mfukoni. Wizara ilimshukuru, na kamusi ikarekebishwa. Toleo jipya linasema: *kiinimacho, nomino, kompyuta imara*. Wafanya mazingaombwe wa nchi yetu mpaka leo hawana jina la kazi yao, ingawa kazi yenyewe haijapungua.

Miwani ilitangulia kufika. Shule yetu ya bweni ilichaguliwa kuijaribu, kwa sababu ukuta wetu unaoelekea barabarani umepakwa rangi. Ukiivaa miwani hiyo ukatazama barabara yenye mashimo, unaona lami. Ukitazama zahanati, unaona dawa. Tuliivaa bwaloni siku ya maharage, na siku ya maharage ni kila siku. Maharage yakageuka pilau. Wadudu wakageuka zabibu kavu. Ladha haikubadilika, lakini afisa wa Wizara alituambia tuwe na subira, ladha inakuja kwenye toleo la pili.

Kisha ikaja kompyuta yenyewe.

Hapa sina budi kumtambulisha Chausiku, mwenyekiti wa klabu yetu ya kompyuta. Klabu ina mashine kuukuu ambazo mabenki yalizichoka, na Chausiku alizifufua zote kwa programu huria. Programu huria, kwa msomaji asiyejua, ni ile ambayo aliyeiandika amekuachia mlango wazi. Ingia, tazama ilivyoshonwa, chukua, badilisha, mpe na mwenzako. Ombi lake ni moja tu: usifute jina la aliyeshona. Wengine klabuni tulikwenda kucheza michezo na kutukanana kuhusu nani kafungwa mabao mangapi. Chausiku alikwenda kama watu wanavyokwenda ibadani.

Siku Kiinimacho ilipofunguliwa kutoka kwenye boksi lake, aliiwasha, akaitazama, akaniita.

"Kidawa, hebu njoo. Hii si ile yetu hii?"

"Wee! Hilo ni tusi kwa taifa."

"Njoo uone kwanza. Kila kitu kipo palepale. Wamebadilisha picha ya nyuma tu."

Nikatazama. Kweli. Pale palipokuwa na picha ya ziwa, sasa alikuwepo Kiongozi akinyoosha kidole mbele. Vingine vyote nilivijua kama ninavyokijua kitanda changu. Hata mchezo wa nyoka ulikuwepo, isipokuwa nyoka alikuwa amepandishwa cheo akawa treni ya mwendokasi.

"Na majina ya walioandika?" nikauliza.

"Pote pameandikwa Wizara. Yule bibi wa ng'ambo aliyetuandikia kikokotoo, naye ni Wizara. Mimi niliyetafsiri kamusi ya tahajia likizo nzima, ni Wizara. Hongera kwangu."

"Basi wameiba."

Chausiku akatikisa kichwa. "Haiibiki, Kidawa, ni huria. Ndiyo maana naona haya. Mtu amepewa kitu bure, ameombwa aseme asante tu, halafu anaona afadhali aibe."

Hakuuliza nani alifanya kazi hiyo. Hakuuliza kwa sababu alijua, na alijua kwamba najua. Dokta Kheri Mwinyikai, Mhandisi Mkuu wa Kiinimacho, ni baba yangu mzazi.

Zamani Baba hakuwa Dokta. Alikuwa fundi wa kompyuta katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Mtu alikuja na mashine iliyokufa, akauliza ina nini, na Baba akajibu kwa furaha kabisa, "Sijui. Tufungue tuone." Nilikua nikidhani hivyo ndivyo watu wazima wote wanavyozungumza. Nilipoanza shule ya msingi ndipo nilipogundua kwamba wengi hawana nusu hata moja ya maneno hayo.

Nilikuwa mgumu wa kuamka. Basi Baba akaniandikia jogoo. Ni programu ndogo tu: saa ikifika, jogoo anatokea kwenye kioo na kuwika, na sauti akaitaka yangu mwenyewe. Akaniwekea maikrofoni mdomoni, akaniambia, "Sema: Kumekucha! Amkeni!" Mimi sikuwa na meno ya mbele. Nikasema, "Kumekuchwa!"

Msomaji anaifahamu tofauti. Kumekucha ni alfajiri. Kumekuchwa, jua limekwenda zake. Ni herufi moja tu, lakini katikati yake kuna mchana mzima. Baba alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hakunisahihisha. Akamwacha jogoo hivyo hivyo, akamtoa huria kwa walimwengu, na walimwengu wakampokea. Mtu tusiyemjua akampa manyoya. Mwingine, ambaye nadhani hajawahi kuona kuku mzima, akampa miguu minne. Wa tatu akaipunguza miwili kwa kuomba radhi. Na jogoo huyo hanyamazi. Huongeza sauti mpaka mtu ampapase kilemba kwa kidole, kutoka nyuma kuja mbele, polepole, kama Baba alivyokuwa akinipapasa nywele kuniamsha. Siri haipo. Imeandikwa wazi ndani ya programu, mtu yeyote anaweza kuisoma.

Wizara ilichukua kila kitu. Kusoma haikusoma.

Walipomchukua na Baba, wakampa gari, suti na udokta siku moja. Tangu hapo sikulisikia tena neno *sijui* kinywani mwake. Nyuma ya kila Kiinimacho pana muhuri mwekundu wa lakiri, na maandishi: NI MARUFUKU KUFUNGUA. Chini yake pana sahihi. Naijua sahihi hiyo. Ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani kwetu. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, na nyasi zilizokauka zilipakwa kijani, kwa hiyo mbuzi wa mpishi alishinda akiwa na mdomo wa kijani na mashaka makubwa. Televisheni ya taifa ilirusha moja kwa moja. Chausiku alipewa heshima ya kuifuta vumbi kompyuta.

Baba alikaa jukwaani kando ya Waziri, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Sudi Kang'ombe. Hakunitazama, nami sikumtazama. Kumwonea mzazi haya mbele ya shule nzima ni kazi ngumu. Huwezi kusema humjui, maana ana pua yako.

"Kumekucha!" akanguruma Waziri.

"Na jua halizami!"

"Vijana! Wenzetu walipokwenda mwezini, sisi tuliwatazama. Nasema uongo?"

"Hapana!"

"Leo, kwa miwani hii, tutawatazama tena, lakini kwa karibu zaidi!" Makofi. "Kompyuta hii haijaazimwa kwa mtu. Imeandikwa hapa, na sisi, kwa jasho letu. Na ninyi muielewe: kompyuta hii haikosei. Baraza la Mawaziri limekwisha kupitisha."

Akavaa miwani ili kutuonyesha mfano. Akageuka kulia akaupa mkono mlingoti wa bendera, akauuliza hali ya watoto. Mlingoti ulinyamaza kwa heshima. Kisha akaelekezwa kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ingawa saa ya mashine, isiyorekebishwa na mtu, ilisema ni alfajiri. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba rangi ya nyasi ilianza kunuka. Kwenye skrini kubwa Kiongozi akanyoosha kidole, na chini ya kidole hicho akatokea jogoo, wa miguu miwili, akajitikisa, akafungua mdomo.

"Kumekuchwa! Kumekuchwa! Amkeni!"

"Na jua halizami!" tukajibu shule nzima kwa mazoea. Kisha masikio yakaufikia mdomo, nasi tukaziba midomo kwa viganja. Neno lile halikuwa limewahi kutamkwa hadharani tangu Kiongozi ashike nchi. Jioni zetu huitwa mapumziko ya jua.

"Imesema nini?" akauliza Waziri, akivua miwani.

"Imesema kumekucha, Mheshimiwa," akasema mkuu wa shule, Madamu Leokadia, huku akitabasamu kwa meno yote.

"Kumekuchwa!" akasahihisha jogoo.

"Kuna *w* pale ndani," akasema afisa usalama. "Mimi nimeisikia."

"Nani ameigusa mashine hii?"

Tabasamu la Madamu likaanguka jino moja moja. "Ilifutwa vumbi tu, Mheshimiwa. Na mwanafunzi. Chausiku."

"Nani?"

"Chausiku. Wa kidato cha nne."

Waziri akawageukia watu kama wakili aliyekwisha kushinda. "Cha-usiku! Na kompyuta inatangaza usiku. Mnataka ushahidi gani tena?"

"Nilizaliwa usiku, Mheshimiwa," akasema Chausiku, akisimama. "Bibi yangu ndiye aliyenipa jina."

"Na bibi yake atafutwe," akaamuru Waziri.

Mitihani ya mwisho ilikuwa karibu. Kwetu, anayefukuzwa shule kwa kosa la jua hapokelewi na shule nyingine yoyote yenye madirisha. Hilo lilijulikana na kila mtu uwanjani, na Baba akiwemo.

"Dokta," Waziri akamgeukia. "Wewe ndiye uliyeiandika. Jogoo huyu ametoka wapi?"

Baba akavuta kola ya suti yake. "Ni hujuma, Mheshimiwa."

Chausiku hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na wala si kwa hasira. Ningeomba iwe hasira.

Mimi, kusema kweli, ni mtu wa utani. Nimewahi kumfungia Metroni kengele mkiani mwa paka wake, na nikala chakula cha jioni vizuri. Sijawahi kusimama mbele ya watu kwa jambo la maana. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kusimama.

"Mheshimiwa, naomba kutoa taarifa," nikasema. Nikakunja midomo kuficha meno, nikawika kwa nguvu zangu zote, "Kumekuchwa! Amkeni!"

Ilikuwa ileile, na kithembe chake. Wasichana wa nyuma wakacheka, wakajizuia, wakacheka tena.

"Sauti ile ni yangu," nikasema. "Nilikuwa sina meno. Chausiku hahusiki."

Waziri akanikodolea macho. "Huyu mtoto wa nani?"

Madamu Leokadia akatazama mawinguni, ingawa hapakuwa na wingu. Walimu wakatazama nyasi zao za kijani. Swali likazunguka jukwaa lote, likafika lilikokuwa likienda.

"Dokta, unamjua?"

Baba alikuwa akitazama viatu vyake. "Sijui, Mheshimiwa," akasema. "Simjui."

Nikangoja. Tangu utoto wangu neno hilo lilikuwa na nusu ya pili, na mimi, mjinga, nikaingoja pale, mbele ya taifa zima. Haikuja. Alikuja jogoo.

"KUMEKUCHWA!"

Sasa aliwika mpaka vipaza sauti vikaunguruma. Mafundi wakachomoa waya. Mashine ilikuwa na betri. Wakaifunika kwa kitambaa cha rangi za taifa. Akawika ndani ya rangi za taifa. Afisa usalama akaikemea, akaiamuru ijitambulishe. Wakafungua kijitabu cha maelekezo, nacho kilikuwa na sentensi moja: *Kiinimacho haihitaji maelekezo.* Mbuzi wa mpishi alikata kamba akatokomea.

"Hakuna anayeweza kuinyamazisha?" Waziri akapiga kelele. "Mhandisi hata mmoja?"

Mafundi wakarudi nyuma hatua moja. Hata wasiojua kompyuta walikuwa wameelewa kwamba atakayemnyamazisha jogoo ndiye mwenye jogoo.

Baba akainuka. Alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Akafunua kitambaa, akaweka kidole kwenye kioo, akampapasa yule jogoo kilemba, kutoka nyuma kuja mbele, polepole. Jogoo akafumba jicho. Na katika vipaza sauti vyote, na katika kila nyumba yenye televisheni, sauti ya mtoto asiye na meno ikasema:

"Haya, Baba. Nimeamka."

Kisha ikanyamaza.

Waziri alimtazama Baba, akanitazama mimi, akarudi kwa Baba. Alikuwa akilinganisha pua. Ungeweza kuona akili ikimzunguka: mhandisi akiwa na kosa, Wizara ina kosa, Wizara ikiwa na kosa, mwenye Wizara naye, na mkubwa hakosei. Akaisogelea maikrofoni.

"Ndugu wananchi. Kompyuta ya Taifa haikosei. Imesema kumekuchwa. Basi, kumekuchwa." Akafikiri kidogo. "Lakini jua halijazama! Jua letu huchwa bila kuzama, na hilo wenzetu hawajaliweza. Usiku mwema."

Mpiga picha wa televisheni akawa wa kwanza kupiga miayo.

Basi tukapelekwa kulala. Wapishi walizima moto chini ya maharage. Mwalimu wa Kiswahili alionekana akielekea maktaba na ufutio, bila kuambiwa. Metroni, ambaye hufuata utaratibu, aliwasha taa za bweni ili apate kuzizima. "Kumekucha!" akasema. "Na jua halizami!" tukajibu, na mara hii, kwa bahati mbaya, tulikuwa tunasema kweli. Chausiku alisamehewa, kwa kuwa mtu hawezi kushtakiwa kwa kutangaza usiku wakati ni usiku.

Yeye hulala kitanda cha juu, mimi cha chini. Nilijifunika blanketi gubigubi katika joto lile. Haya zilizokuwa zikiniunguza hazikuwa hata zangu. Nilizirithi, pamoja na pua.

"Kidawa," akanong'ona.

"Nimelala. Ni amri."

"Baba yako amesema hakujui."

"Nimesikia. Nchi nzima imesikia."

Kitanda kikalia kidogo juu yangu.

"Lakini jogoo kamjua."

Nje kulikuwa na hatua kwenye changarawe, zikaja mpaka dirishani, zikasimama. Wanaume hawaruhusiwi bwenini kwetu, hata wakiwa madokta. Kupitia vioo vya dirisha niliona suti, na juu yake jua la saa sita limemkalia utosini, kivuli chake kimejikunja chote chini ya viatu.

"Kidawa," akaita. "Kidawa, mwanangu."

"Nani huyo?" nikauliza. "Simjui."

Akalipokea. Alisimama tu, na jasho likimtiririka shingoni. Nilidhani ataondoka. Nilitaka aondoke, na nilikuwa nimeshika chaga ya kitanda asiondoke.

Ndipo Chausiku aliposema kutoka juu, kwa sauti ya paredi:

"Shikamoo, Baba Kidawa."

Kwetu mtu anaweza kukataa mengi. Anaweza kukataa jua. Shikamoo haikatai. Na atakayeiitikia ameitikia pamoja na jina aliloitwa. Juu yetu bati lililia kwa joto.

"Marahaba, mwanangu," akasema Baba.

"Shikamoo, Baba Kidawa," ikaja kutoka kitanda cha mlangoni.

"Marahaba."

"Shikamoo, Baba Kidawa." Kitanda cha pembeni. Kisha cha pili yake, kisha upande wa pili wa bweni, wasichana waliolala kwa mujibu wa sheria, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, bila kumhurumia. Naye akaitikia kila mmoja, marahaba, marahaba, na kila alipoitikia sauti yake ilipungua kidogo, mpaka mwisho akawa anaitikia kwa midomo tu.

Nikabaki mimi. Nilijua kwamba nimebaki mimi. Naye alijua, alingoja.

Sikuweza.

Alipogeuka kuondoka, nikaita, "Baba!"

Akarudi upesi, karibu ajigonge kwenye kioo.

"Angalia usijikwae," nikamwambia. "Ni usiku."

Akanitazama kupitia mwanya wa vioo. Kisha akanyoosha mikono mbele, kama mtu anayepapasa gizani, akaanza kuuvuka uwanja uliokuwa mweupe kwa jua, hatua kwa hatua, akitafuta njia kwa vidole. Bweni zima tulikuwa madirishani. Hakuna aliyecheka.